Simu ya mjukuu, ugonjwa wa bibi

Nikisikia programu ya afya "imeboreshwa", kitu cha kwanza ninachokikimbilia ni pale inapouliza tarehe ya kuzaliwa. Hapo hapo utajua kama walioitengeneza wamewahi kukaa na mgonjwa. Moja niliyoipakua hapa Mtwara mjini (jina nalihifadhi) ilinifungulia kalenda ya mwezi huu, yenye kimshale cha kurudi nyuma mwezi mmoja mmoja. Niliyekuwa namsajili ni shangazi yangu, mgonjwa wa kisukari, mzaliwa wa 1956. Piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya mibofyo mia nane. Shangazi alinitazama weee, mwisho akasema, "Mwanangu, we andika mtu mzima, inatosha."

Tulipovuka hapo ikataka namba ya NIDA, tarakimu 20, na ikaikataa kwa sababu niliiandika na vistari kama ilivyo kwenye kitambulisho. Kichekesho ni kwamba tarakimu nane za mwanzo za namba ile ndiyo tarehe ya kuzaliwa yenyewe. Wangeanza na NIDA, kalenda isingehitajika kabisa.

Hayo ni ya kurekebisha kwa siku moja. Kubwa zaidi ni kwamba programu hizi zinaamini kila mgonjwa ana simu janja yake. Nendeni Tandahimba, nendeni Nachingwea. Bibi ana kiswaswadu cha kupokelea simu za wanawe, simu janja ni ya mjukuu, na mjukuu huyo ndiye anayewajazia pia babu na jirani mjamzito. Nilipotaka kumwongeza mtu wa pili, nikajibiwa namba yangu imeshatumika. Basi. Mimi ningebadilisha programu nzima ianze na swali moja: unamjazia nani? Simu moja ibebe watu hata sita, kila mmoja na faili lake.

Najua nitaambiwa kuhusu siri za mgonjwa, na hoja hiyo ni nzito. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, au binti anayefuata uzazi wa mpango, hapaswi kuanikwa na kioo cha simu ya kaka yake. Lakini kwenye simu za kuazimana siri haiji kwa kujifanya haziazimwi. Kila faili liwe na namba yake ya siri, fupi, kama za pesa za simu. M-Pesa iko nchini tangu 2008 na wazee wetu wanaijua menyu yake bila kuvaa miwani (ingawa wengi, tuseme ukweli, wameshawapa wajukuu namba hizo). Na ujumbe wa kukumbusha useme "una miadi Jumanne", uishie hapo. Kliniki gani, mwenyewe anajua.

Sasa tuje kwenye saa, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Programu ilimwandikia shangazi miadi ya 08:00. Kwake yeye hiyo ni saa nane, na saa nane ni mchana. Angekwenda akakuta kliniki ya kisukari imeshamaliza watu. Kosa hilo la kupishana kwa saa sita likihamia kwenye ratiba ya dawa linakuwa hatari. Andikeni "saa 2 asubuhi", kama tunavyoandika kwenye kadi za harusi. Afadhali zaidi, fungeni dawa na chakula: baada ya chai, baada ya cha usiku. Halafu ukija Ramadhani, ratiba iulize kama mgonjwa anafunga, na imwelekeze kwa daktari wake kabla ya mwezi kuandama. Pwani hii ya Lindi na Mtwara hilo ni swali la nyumba nyingi, na kwa mwenye kisukari kufunga bila kupanga upya dawa kunaweza kumwangusha.

Mtandao nao. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya kuja Kusini ilikatika upande wa Somanga, na siku chache baadaye nyaya za intaneti za baharini zikakatika, nchi nzima ikasuasua. Orodha ya dawa na tarehe za miadi zikae ndani ya simu, zisomeke bila bando. Huduma ya ujumbe ya Wazazi Nipendeni, iliyoanza 2012, iliwafikia wajawazito kwa SMS za bure kwenye simu yoyote. Waliotangulia walishatuonyesha njia, sisi tukakimbilia picha zinazocheza.

Namba mbili ziwekwe ukurasa wa kwanza kabisa, kabla ya usajili wowote, kwa vitufe vikubwa: 115 ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na vichanga, na 199 ya kuuliza masuala ya afya. Mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kuombwa barua pepe.

Kuhusu rangi sina mengi. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG, wa kufanya kurasa za mtandao zitumike na kila mtu, unataka mwangaza wa maandishi ya kawaida utofautiane na wa mandhari yake kwa angalau 4.5 kwa 1, na kijivu juu ya nyeupe kinachopendwa siku hizi mara nyingi hakifiki. Asiyeamini aifungue programu yake saa saba mchana, nje, chini ya mkorosho ulioanza kupukutisha majani. Na zile kurasa za kukaribishwa mwanzoni, wekeni kitufe cha kuziruka. Sijaona mtu aliyezisoma.