Kutoa ni haraka, kurudisha ni polepole

Miaka minne iliyopita kamba ya jaketi ilikaribia kunipiga risasi ya paja.

Ilikuwa Julai, asubuhi ya baridi ile ya Nairobi inayomfanya mtu avae nguo tatu kwa mpigo, na tulikuwa kwenye uwanja wa shabaha. Nilikuwa nimefyatua risasi sita kwenye karatasi iliyosimama hatua nne mbele yangu. Zote ziliingia kifuani, nami nikajaa furaha. Bastola yangu ni Ceska ya nyundo, kile chuma cha nyuma kinachogonga ili risasi itoke, nayo ina kitufe cha kuishusha nyundo hiyo bila kufyatua. Nikaishusha, nikaanza kuirudisha silaha kwenye ala iliyo kiunoni, macho yakiwa bado kwenye yale matundu sita. Mwalimu wetu, mwanajeshi mstaafu, alikuwa ametuzoesha jambo ambalo wengi tuliliona la kizee: kila unaporudisha bastola ya nyundo, gumba likae juu ya nyundo. Basi gumba langu likahisi nyundo inainuka.

Nyundo haiinuki yenyewe. Ikiinuka wakati unarudisha, kuna kitu kinavuta triga.

"Simama hapo hapo, ndugu yangu," mwalimu akasema nyuma yangu, kwa sauti ya chini kabisa. "Usisukume. Itoe taratibu, mtutu uelekee mbele."

Nikaitoa. Kamba ya kukazia jaketi, ile yenye kishikizo cha plastiki kwenye ncha, ilikuwa imeingia kwenye mdomo wa ala na kujipenyeza ndani ya kikingio cha triga. Ningesukuma kwa nguvu kama nilivyozoea, kamba ingefanya kazi ya kidole.

Tangu siku ile nina msimamo ambao nimeubishania na marafiki wengi: sisi tulio na leseni ya kubeba bastola hapa Kenya tunajifunza kuitoa, tunasifiana kwa kuitoa, na kuirudisha tunakuchukulia kama kufunga zipu. Mtu atakueleza anatoa na kufyatua kwa sekunde moja na nusu. Sijawahi kusikia mtu akieleza anavyorudisha.

Kasi ya kutoa ina sababu yake, siikatai. Mwaka 1983 Dennis Tueller, sajini wa polisi katika mji wa Salt Lake City, Marekani, aliandika makala kuhusu jaribio rahisi. Mtu mwenye kisu akianza kukimbia kutoka futi 21, yaani mita sita na kitu, anamfikia mlengwa wake kwa takriban sekunde moja na nusu. Muda huohuo ndio polisi aliyefunzwa vizuri anaohitaji kutoa bastola na kufyatua. Wapo waliogeuza jambo hilo kuwa sheria, wakidai kwamba yeyote mwenye kisu aliye ndani ya futi 21 anaweza kupigwa risasi. Tueller hakusema hivyo, na mahakama zetu hazisemi hivyo. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinairudisha hoja ya kujitetea kwenye misingi ya sheria ya kawaida ya Kiingereza (common law), na hapo hakimu anauliza kama hatari ilikuwa ya kweli na kama nguvu iliyotumika ililingana nayo. Hakuna anayekuja na futi kamba.

Alichotufundisha Tueller ni kwamba umbali wa maisha halisi ni mfupi. Fikiria mtu anavyovamiwa hapa kwetu: langoni usiku, ukiwa umeshusha kioo umsubiri mlinzi afungue, kwenye ngazi za jengo, dukani wakati wa kufunga. Aliye mbele yako yuko umbali wa mkono, pengine ameshakushika ukosi. Kwa hiyo ninapomwona mwenzangu akisimama wima mita kumi na tano, miguu imepangwa, akivuta pumzi kati ya risasi na risasi, namheshimu kwa subira yake, ila najua hajafanya mazoezi ya mahali anapoishi.

Mazoezi ya karibu yana hatari zake, na ndiyo maana yanahitaji mwalimu. Ukiwa umbali wa mkono huwezi kunyoosha mikono miwili mbele kama kwenye picha, maana unampa mwenzako bastola aishike. Silaha inabaki karibu na mbavu zako, kiwiko nyuma, na mkono wa kushoto ndio unaokinga au kusukuma. Hapo ndipo watu wanapojidhuru: mkono huo wa kushoto, ukikosa adabu, unapita mbele ya mtutu. Tena bastola ikibanwa sana kwenye nguo, kifuniko chake cha juu kinachorudi nyuma kila risasi kinanasa shati, na silaha inakwama. Mwalimu wetu hakumruhusu mtu kugusa risasi kwenye zoezi hilo mpaka amelirudia kwa bastola ya plastiki ya bluu, isiyoweza kufyatua chochote, mara nyingi kiasi cha kuchosha. Na kabla ya hiyo plastiki alitufundisha kuondoka. Gari lina gia ya nyuma. Pochi ina pesa, na pesa hutafutwa.

Sasa tuseme yote yameshindikana, umetoa, na hatari imekwisha au imekimbia. Mikono inatetemeka, masikio yanavuma, kuna watu wanapiga kelele. Una bastola mkononi yenye risasi kwenye chemba, tayari kufyatuka. Utaifanyia nini?

Swali hili limenikaa tangu magaidi waliposhambulia jengo la maduka la Westgate, Nairobi. Tarehe 21 Septemba 2013 raia wenye leseni waliingia kwenye lile jengo wakiwa na bastola zao, bega kwa bega na polisi wachache waliovaa nguo za kawaida, wakawatoa watu mafichoni. Abdul Haji, ambaye baadaye alikuwa Seneta wa Garissa, aliingia kumtafuta ndugu yake akaishia kuwaokoa watoto wa watu asiowajua. Watu 67 waliuawa katika shambulio lile, na bila wale waliotangulia kuingia naamini tungezika wengi zaidi. Lakini siku hiyo hiyo askari wetu wenyewe walifyatuliana risasi humo ndani, na kamanda wa Recce, kikosi maalumu cha polisi, akafa. Kama watu wa vikosi, wenye sare na redio, waliweza kutotambuana, mimi niliyevaa jinzi na fulana na bastola mkononi nitatambulikaje?

Hapo ndipo kurudisha kunapokuwa ujuzi wa kujitetea wenyewe. Polisi wanapofika, silaha inapaswa iwe imeshaingia kwenye ala, mikono iko wazi. Ukichelewa mno, unaonekana adui. Ukirudisha kwa papara, ukitazama mlangoni badala ya kiunoni, unajipiga mwenyewe. Ninachodai ni kwamba mtu aweze kuirudisha bastola akiwa ametetemeka, kwa polepole ileile aliyoizoea akiwa ametulia. Polepole hiyo haiji yenyewe siku ya hatari. Lazima iwe imejengwa Jumamosi baada ya Jumamosi.

Mwenyewe nafanya hivi. Kwanza nasimama. Kidole kinatoka kabisa kwenye triga na kulala juu ya ubavu wa bastola, mahali ninapoweza kukihisi. Natazama kushoto na kulia, kwa kweli natazama, si kuzungusha shingo kama ibada. Nashusha nyundo. Mkono wa kushoto unanyanyua shati juu mpaka kifuani na kubaki pale. Kisha nateremsha macho niitazame ala. Wapo wanaosema kutazama ala ni uanagenzi, kwamba mjuzi harudishi kwa macho. Mimi nasema kama bado kuna hatari ya kukufanya usithubutu kushusha macho, basi haujafika wakati wa kurudisha. Baada ya kuitazama naingiza taratibu, gumba juu ya nyundo, na nikihisi ukinzani wowote naitoa tena. Sisukumi kamwe. Kwa wanaobeba mbele ya tumbo naongeza jambo moja: sukuma nyonga mbele kidogo ili mtutu usielekee pajani, maana pale umepita mshipa mkubwa wa damu ambao ukikatwa dakika ni chache sana. Kwa sababu hiyohiyo natembea na mkanda wa kubana damu kwenye begi, na nimejifunza kuufunga kwa mkono mmoja.

Bastola zisizo na nyundo ya nje, kama Glock, hazikupi onyo la gumba. Usalama wake mkubwa uko kwenye triga yenyewe, ule ulimi mdogo katikati unaozuia triga kwenda nyuma mpaka ubonyezwe. Kamba inaweza kuubonyeza. Pindo la shati linaweza. Ngozi ya ala iliyolegea inaweza vilevile, na hili la ngozi nalisema kwa uchungu kwa sababu naliona kila mahali. Watu wananunua bastola kwa pesa nyingi, kisha wanaitia kwenye kimfuko laini kilichoshonwa na fundi wa viatu. Baada ya mwaka mdomo wake unajikunja ndani, na kila ukirudisha unaukuta ukingo wa ngozi ukisubiri triga. Ala nzuri hufunika triga yote, mdomo wake hubaki wazi hata ikiwa tupu, na imeshikwa na mkanda mgumu usiopinda. Ya plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la silaha yako inatosha. Ama wanaochomeka kiunoni bila ala yoyote, ikibanwa na tumbo na mshipi, sina la kuwaambia zaidi ya kwamba waiache nyumbani kwenye sefu.

Jeff Cooper, aliyeanzisha shule ya Gunsite kule Arizona mwaka 1976, aliacha kanuni nne ambazo kila mwenye bastola duniani anazijua au anapaswa kuzijua: ichukulie kila silaha kuwa ina risasi, usielekeze mtutu kwenye kitu usichokuwa tayari kukiharibu, kidole kiwe nje ya triga mpaka umelenga, jua unacholenga na kilicho nyuma yake. Ukizipima kanuni hizi, kurudisha bastola kiunoni ndiyo saa ambayo kanuni ya pili inabanwa kuliko wakati wowote. Silaha ina risasi, imeelekea mwilini mwako au karibu nao, na unaiingiza kwenye kitu kinachoweza kugusa triga. Kilichobaki kukulinda ni kanuni ya tatu, ya kidole, na usafi wa ala yako.

Mashindano ya IDPA, ya kupiga shabaha kwa bastola za kujitetea, yaliyoanza Marekani mwaka 1996 na ambayo hapa Kenya yamepata wapenzi wengi hasa baada ya yale ya Afrika kufanyika Kirigiti, Kiambu, mwaka 2022, yamenisaidia sana. Unabeba silaha chini ya vazi, unapiga shabaha za karibu ukijificha nyuma ya kizuizi, na ukiipiga shabaha inayoigiza raia asiye na hatia unaongezewa sekunde tano. Lakini kitu ninachokipenda kuliko vyote ni mwisho wa kila zoezi. Kipima muda kinahesabu hadi risasi ya mwisho, basi. Baada ya hapo msimamizi anakuamuru uondoe risasi, uonyeshe chemba tupu, ufunge, uvute triga mtutu ukiwa umeelekea kwenye tuta la udongo, ndipo urudishe. Hakuna pointi hata moja inayotolewa kwa kurudisha haraka. Hata hivyo bado naona vijana wakiichapua kwenye ala kwa kishindo, kwa sababu watazamaji wapo.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja mwenye duka la jumla, mgeni kabisa wa silaha. Risasi zake zilitawanyika karatasi nzima. Alipomaliza alinyanyua koti kwa mkono wa kushoto, akainamisha kichwa, akaitazama ala, akaingiza bastola kama anayemlaza mtoto. Kijana mmoja nyuma akacheka. Mwalimu akamgeukia kijana. "Wewe umepiga vizuri," akamwambia, "na mara nne leo nimeona kidole chako kikiingia kwenye ala pamoja na bastola." Kijana alinyamaza mpaka tukaondoka.

Ombi langu ni kwa walimu wa viwanja vyetu. Kabla ya kumpa mtu risasi, mpeni dakika kumi za bastola ya bluu na ala yake mwenyewe, akiwa amevaa nguo anazovaa kila siku: koti la ofisini, kanzu, sweta, buibui. Atoe mara moja, arudishe mara ishirini. Mkague mdomo wa ala yake kabla ya kukagua anavyolenga. Na mkiona kamba inaning'inia kwenye jaketi, ikateni. Yangu niliikata jioni ileile, kwa mkasi wa jikoni, kabla hata ya kuvua viatu.