Kutazama nje pekee hakutoshi
Mwandishi wa makala niliyoisoma anadai ajali ya Machi 5, 2024, pale ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172 ilipogongana na ndege ya abiria aina ya Dash 8 juu ya Mbuga ya Nairobi, isingetokea kama marubani wangetazama nje vizuri. Aliyewahi kukaa kwenye kiti cha rubani hawezi kusema hivyo kwa urahisi. Mimi nilijifunza urubani hapo Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, nikaachia njiani karo iliponishinda. Bawa la Cessna liko juu ya kichwa chako. Ukiilaza ndege ili ukate kona, bawa linashuka na kuziba upande uleule unaoelekea. Dash 8 nayo inapopanda, pua imeinuka, kilicho chini mbele yake kinafichika. Tena ndege mnayoelekea kugongana nayo haisogei dirishani: inakaa kama kidoa cha inzi kwenye kioo, halafu ghafla imejaa kioo kizima. Mkufunzi wangu alikuwa akinigonga goti kwa penseli kila nilipokodolea geji, na bado kuna ndege nilizoziona zikiwa zimeshanipita. Wakati huohuo redio imejaa sauti, unavizia upenyo useme ulipo. Dash 8 ilirudi salama na watu 44. Mkufunzi na mwanafunzi wake waliokuwa kwenye Cessna wakafa. Kuwalaumu ni rahisi, hawapo kujibu. Mnaoruka hapo siku hizi, mmetengewa saa zenu za mazoezi ama bado mnabanana na ndege za abiria za kwenda Diani na Mara?