Mwacheni Kabureta Apumue

Gari likizima kwenye foleni ya feri Likoni, hesabu moja mpaka tano. Hujafika nne, mtu ashainama dirishani na bisibisi mkononi. Alikoitoa hiyo bisibisi hakuna ajuaye. Pengine hulala nayo. "Ami, fungua boneti. Hiyo kabureta." Yaani kile kidude cha juu ya injini kinachochanganya petroli na hewa. Hajauliza limezima vipi, kama lilikohoa kwanza au lilikatika ghafla kama stima. Muuza njugu ashaafiki. Mama mwenye kikapu cha samaki ashaafiki. Na huyu wa bisibisi keshaanza kuzungusha skrubu mbili za pembeni, hii huku, ile kule, bila kuhesabu amezungusha mara ngapi. Akimaliza, gari litawaka, ndiyo, lakini litakunywa mafuta kama lori la makontena.

Yakhe, kosa la kabureta ni moja tu: imekaa juu, inaonekana. Ingekuwa imefichwa kama klachi, hakuna ambaye angeisingizia.

Chukua Corolla KE70, hizi za miaka ya themanini zenye injini ya 4K, ujazo wake sisi (cc) 1290. Kwenye injini hii manifold, yaani mabomba, ya kuingiza hewa na manifold ya kutoa moshi ziko upande mmoja. Kabureta juu, chuma cha moto chini yake. Ni sawa na kumkalisha mtu juu ya jiko la makaa halafu ukamlaumu kwa kutoka jasho. Mjapani alilijua hilo, ndiyo maana kati ya kabureta na manifold aliweka kipande kinene kisichopitisha joto, na bati la kukinga moto. Sasa nenda ukatafute viko wapi. Kipande kilipopasuka, fundi alikitupa akakata gasketi kwenye boksi la biskuti. Bati lilikuwa likigongagonga, akaling'oa, na hivi sasa linafunika sufuria ya chai hapo hapo gereji.

Basi subiri mwezi wa Februari. Upepo umelala, foleni haisogei, feni inavuta moshi wa lori la mbele. Petroli iliyo ndani ya bakuli la kabureta inachemka, inafurikia kwenye manifold, injini inalowa, inazima. Ukipiga stata inazunguka tu kama feni ya msikitini. Hapo kila mtu anakwambia upige-pige akselereta. Usipige! Kila ukikanyaga, pampu ndogo ya kabureta inamwaga petroli nyingine ndani, na injini yenyewe ishalewa. Kanyaga mpaka chini, shikilia hapo hapo bila kuachia, piga stata sekunde tano hivi. Hewa itaingia, itakausha, itawaka. Kitambaa cha maji juu ya pampu ya petroli nacho kinasaidia, kwa kuwa mvuke ukiingia humo pampu inabaki kusukuma hewa. Lakini dawa yenyewe ni kile kipande na lile bati. Mwambie fundi afunike sufuria yake kwa kitu kingine.

Halafu kuna ugonjwa wa kuanza na kabureta gari linapopimwa, wakati yenyewe ni ya mwisho. Ya mwisho kabisa! Kwanza tapeti, yaani mianya ya vali, injini ikiwa moto: za kuingiza 0.20 mm, za moshi 0.30. Kisha pointi, vile vidude vinavyokata umeme ili cheche itoke, ndani ya distribyuta, mwanya wake 0.45 mm. Kisha taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka. Kabureta ndipo inapofikiwa. Mpangilio huu una sababu: ukigusa mwanya wa pointi, taimingi nayo inahama. Mwanya ukipanuka, cheche inawahi, na kupanda daraja la Nyali utasikia injini inagonga kama kinu. Mwanya ukibana, cheche inachelewa, gari halina nguvu na linapata joto. Sasa mtu aliyeanza na kabureta, akamalizia na pointi, kafanya nini? Kavaa viatu, kisha anatafuta soksi.

Na hizo pointi mafundi wanazipimia nini? Kipande cha msumeno wa chuma. Msumeno huo unene wake unapita nusu milimita, wewe unataka 0.45. Fila geji, vile vibati vya kupimia mwanya, haimalizi hata pesa ya mbaazi na mahamri ya wiki moja, lakini hapana, msumeno ndio "uzoefu".

Kondensa, ile inayozilinda pointi zisiungue, ndiyo usiseme. Kidude kama kidole gumba, na tabia zake ni za mkwe: gari likipata joto inanuna, likipoa inacheka. Ukifungua pointi ukakuta upande mmoja una kilima na upande wa pili una shimo, zimeungua hata baada ya kubadilishwa majuzi, ifikirie kondensa kwanza. Cheche ikiwa ya manjano, dhaifu, vile vile. Na waya za plagi zikivuliwa, zirudi kwa mpango wa silinda kuwaka, 1-3-4-2. Kuna watu huzirudisha moja, mbili, tatu, nne, kama wanagawa zamu ya kuoga, injini ikapiga mshindo wakasema, nini? Kabureta.

Kuna jambo linachekesha zaidi. Gari linawaka, ukikanyaga mafuta linakwenda vizuri, ukiachia mguu linazima. Slo, yaani mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta, hakuna. Watu wanafungua kabureta nzima, wanaitandaza juu ya gazeti, springi moja inarukia mchangani haionekani tena. Na pengine kilichokosekana ni waya. Kabureta nyingi za aina hii zina solenoidi ndogo yenye waya mmoja, kazi yake kufungua njia ya petroli ya slo ukiwasha swichi. Washa swichi bila kupiga stata, chomoa waya, urudishe uguse. Usikie "tik". Hakuna tik? Pima kwanza kama umeme unafika. Mara nyingi ni kichwa cha waya kimeoza kwa chumvi ya bahari, kinasafishwa kwa msasa na shughuli imekwisha. Lakini kazi ya dakika tatu fundi ataidai shilingi ngapi? Bora afungue yote.

Tik ikisikika na slo bado hakuna, sawa, jeti ya slo imeziba. Tundu lake ni kama nusu milimita, na tangi la gari kongwe la Mombasa lina kutu ya kutosha kuziba mabomba ya mji. Safisha kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa. Usichokoe kwa waya! Jeti ni shaba nyeupe, laini. Waya ukipita tundu linapanuka, na petroli itakayopita hapo ni nyingi mpaka siku utakaponunua nyingine. Tangi livuliwe lioshwe, na chujio liwe la plastiki ya kuona ndani, maana kusafisha jeti na kuliacha tangi ni kudeki huku bomba linavuja.

Kisha ndiyo ile skrubu ya mchanganyiko, ambayo ikiguswa bila adabu ncha yake inapata mkunjo na haitasikia tena. Ifunge polepole mpaka iguse tu. Usikaze. Ifungue mizunguko miwili na nusu, washa, subiri injini ipate moto na choki iwe wazi kabisa. Zungusha kidogo kidogo mpaka injini iende kwa kasi na utulivu zaidi, punguza slo ifike mizunguko kama 750 kwa dakika, rudia. Injini ikipanda na kushuka yenyewe kama mtu mwenye pumu, kuna hewa inaingia kwa mlango wa nyuma: mpira uliopasuka au lile boksi la biskuti. Pakaza maji ya sabuni kwenye maungio. Yakifyonzwa na mngurumo ukabadilika, umempata mwizi. Wapo wanaopuliza dawa ya kabureta hapo badala ya sabuni, juu ya manifold ya moto. Wakae mbali na gari la mwenzao.

Hayo yote hayamshughulishi kijana wa leo. Yeye anataka kulipamba. Kabureta ya kiwandani iondoke, iletwe Weber 32/36. Haya, ni kabureta nzuri, hufungua tundu la milimita 32 kwanza na la 36 ukikanyaga sana, lakini kwa sisi 1290 ambazo tapeti hazijapimwa? Ni kumvisha babu suruali ya kubana. Rimu ananunua za gari jipya, bolti nne kwenye duara la milimita 100, akifika nyumbani KE70 inataka 114.3. Bodi inatoa malengelenge ya kutu chini ya mpira wa kioo. Badala ya kukata bati bovu na kuchomelea jipya, inapakwa fila, ile ya kuziba mashimo ya bodi, nene kama ugali. Fila inafyonza maji. Mvua za Mei zikipita, malengelenge yanarudi na jamaa zake.

Na springi lazima zikatwe, gari lilale. Springi iliyokatwa haiwi fupi tu, inakuwa ngumu, kila shimo linapanda mpaka kwenye meno. Sasa shuka nalo feri, maji yakiwa yamepwa na mteremko mrefu. Pale chini gari linapoingia kwenye chuma cha feri, ekzosti inasaga krrrr, bomba linang'oka, kelele inasikika mpaka ng'ambo. Na ng'ambo yule mwenye bisibisi ashasimama, katega sikio, anatikisa kichwa.

"Unasikia mngurumo huo? Kabureta."