Kijana amekwepa, mama ameepuka

Miezi hii ya kiangazi Dodoma upepo haulali. Ninafundisha Kiingereza jioni katika chumba kimoja Nkuhungu, na wiki iliyopita kisulisuli kilitukuta mlangoni. Kijana wa bodaboda aligeuza uso haraka, akashusha kofia machoni, vumbi likampita. Mama muuza mbogamboga, naye mwanafunzi wangu, alikuwa amezungukia njia ya nyuma tangu mwanzo, maana uwanja ule anaujua. Nikawauliza: nani amekwepa, nani ameepuka? Darasa zima likajibu kwa pamoja. Kijana amekwepa, mama ameepuka.

Nikaandika ubaoni "dodge" kwa kijana na "avoid" kwa mama. Sikuhitaji kueleza zaidi.

Kinachoniuma ni kwamba vijana wengi wanaokuja kwangu wameshamaliza kidato cha nne, na madaftari yao yana orodha hii: "avoid" kuepuka, "evade" kuepuka, "shun" kuepuka, "get out of" kuepuka. Maneno manne, maana moja. Mtoto anakariri, anafaulu au anafeli, kisha anaingia mtaani hajui lipi ni lipi. Binti mmoja aliniletea barua yake ya kuomba kazi ya uhasibu. Ameandika kwamba anaweza kuwasaidia wafanyabiashara "evade" faini. Alimaanisha awasaidie kulipa kodi kwa wakati ili faini isiwafikie. Aliyeisoma barua ile angeelewa kwamba binti anajitolea kuwafundisha watu ujanja wa kukimbia sheria. Na tofauti hiyo alikuwa nayo kichwani siku zote! Mwite mtu mkwepa kodi uone atakavyowaka. Hakuna aliyemwambia kwamba "evade" iko upande huo wa kukwepa.

Vitenzi vya maneno mawili matatu ndivyo vinavyowatesa zaidi, kwa sababu ukivitafsiri neno kwa neno hupati kitu. Mimi huanzia kwenye maisha. Kuna msiba, vijana wanaitwa kuchimba kaburi, mmoja anasema mgongo unamuuma. Huyo anategea, na Mwingereza atasema anajaribu "get out of" ile kazi. Mwingine alisimama kwenye kikao cha harusi akaahidi mchango mbele ya watu, siku zinakaribia anasema hayumo tena. Huyo ame-"back out", maana alishakubali ndipo akajitoa. Kutegea hakuhitaji ahadi, kujitoa kunaihitaji. "Shy away from" ilianzia kwa farasi anayeshtuka na kuruka pembeni. Farasi hatuna, lakini nani hapa hajamwona punda wa mkokoteni wa maji akigoma kwa sababu ya mfuko uliopeperushwa na upepo? Ndani yake kuna woga au haya, si ujanja. "Steer clear of" ni ya mabaharia, kuongoza chombo kiwe mbali na mwamba. Sisi tunasema tu kaa mbali naye.

Halafu kuna kosa ambalo nimeona watoto wakichekwa kwalo: "avoid to be late". Naomba walimu wenzangu tulitazame kwa huruma. Mtoto anafikiri "epuka kuchelewa", anaona ile ku-, na alishafundishwa kwamba ku- ni "to". Amefuata kanuni tuliyompa wenyewe. Tulichomficha ni kwamba ku- yetu ina kazi mbili. Katika "nataka kuchelewa" ni kitenzi. Katika "kuchelewa kwako kumenikera" ni jina kamili, lina na kivumishi chake. "Avoid" inataka lile la pili, kwa hiyo inafuatwa na neno lenye -ing. Nikishamwonyesha mwanafunzi "kuchelewa kwako", kosa lile hupungua haraka kuliko nikimpa kanuni ya kukariri.

Kiswahili kinafukuzwa darasani mara mtoto anapoingia kidato cha kwanza, kana kwamba ndicho kinachomzuia kujua Kiingereza. Kwenye chumba changu ndicho ninachoanza nacho, na nitaendelea hivyo.

Juzi yule wa bodaboda aliandika sentensi yake mwenyewe: anaepuka kupakia mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja kwenye pikipiki. "I avoid carrying", ameandika, na -ing yake ipo. Kisha akaniuliza, mwalimu, mishikaki ya abiria Kiingereza chake ni nini? Hilo tunalo Alhamisi.