Waacheni pomboo wapumue
Jamani, asubuhi ya leo hapa Kizimkazi, Zanzibar, nimehesabu boti 11 zimewazunguka pomboo 5. Watano tu! Mmoja ana mtoto ubavuni. Kila wakizuka, mashine zinanguruma, nahodha anapiga kelele "rukeni, rukeni!" na wageni wanatumbukia juu yao. Pomboo si samaki. Ana mapafu kama mimi na wewe, lazima aje juu avute pumzi. Sasa avute saa ngapi?

Najua watu wanatafuta riziki, na mimi mwenyewe nimelelewa kwa pesa ya wageni. Lakini zimeni mashine, kaeni mbali, wangojeeni. Wakitaka watakuja wenyewe. Yule mtoto kazuka mara mbili, mara zote mbili kafukuzwa, hadi mama yake akamwongoza wakatokomea bahari kuu.