Bajeti ya Nairobi: mwananchi aitwe mapema, tena ajibiwe

Vikao vya maoni kuhusu bajeti ya Kaunti ya Nairobi vinapoitishwa, watu hufika na shida zao: mtaro ulioziba, taa za barabarani zisizowaka, zahanati isiyo na dawa. Mama anayeuza mboga kando ya mtaro kule Kayole anajua maji hufurikia wapi mvua ikinyesha. Mhandisi wa City Hall, makao makuu ya kaunti, hajui mpaka aambiwe. Kwangu hiyo ndiyo sababu nzito kuliko zote ya kumshirikisha mwananchi, na Katiba ya 2010, kifungu cha 201, inataka umma ushiriki katika masuala ya fedha. Sharti hilo lina meno: mwaka 2014 Mahakama Kuu ilifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Wenye shaka nao wana hoja. Kibarua wa Industrial Area akienda kukaa ukumbini asubuhi nzima, hana ujira siku hiyo. Basi viti hujazwa na wenye nafasi, pengine na watu walioletwa na mwanasiasa ili wampigie makofi. Tena wadi zote 85 zina wawakilishi waliochaguliwa; kazi yao ni ipi kama kila jambo litarudishwa barazani? Na taka za jaa la Dandora hazitaisha kwa kila wadi kuvutia kwake.

Hata hivyo, mimi naona kasoro kubwa iko kwenye kalenda. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30. Miradi huanza kupangwa kabla ya Septemba, ilhali wengi wetu husikia habari za bajeti Mei. Ukipewa kipaza sauti wakati huo, kila shilingi imeshapata mwenyewe. Kuongeza mtaro wa Kayole ni kukata barabara ya wadi nyingine, na hakuna mwakilishi atakayekubali kukatwa.

Mtaa wa mabanda wa Mukuru ulipotangazwa mwaka 2017 kuwa eneo maalum la mipango, yaani eneo la kuandaliwa mpango wake lenyewe, wakazi walikutana kwa makundi ya kaya kumi kumi, kisha wakachagua wa kuwasemea ngazi za juu. Mtu alieleza shida yake mbele ya majirani wanaoijua. Kazi hiyo ilikula muda na ilihitaji mashirika ya kuiratibu. Sidhani wadi 85 zitaimudu kila mwaka. Lakini mikutano ya mtaa Julai na Agosti, jioni au Jumapili, inawezekana. Na bajeti ikishapitishwa Juni, orodha ibandikwe kwenye ofisi ya wadi, ionyeshe kilichoombwa, kilichoingia na pesa zake, na kilichoachwa na sababu yake. Bila jibu hilo, aliyeomba mtaro hatarudi mwakani, na hakuna atakayeweza kumlaumu.