Masafa yana maana ngapi?

Kwenye meza ya fundi redio mmoja wa Ngamiani, Tanga, kijana anayejifunza kazi aliuliza: "Fundi, masafa mafupi si ndiyo masafa madogo?" Fundi akaweka chini chuma cha kulehemu. "Hapana mwanangu, hapo masafa ni makubwa." Kijana akabaki kumtazama.

Kosa si lake. Tukisema "masafa mafupi" tunataja urefu wa wimbi, unaopimwa kwa mita. Tukisema "masafa ya megahezi 100" tunataja idadi ya mitetemo kwa sekunde: hezi ni mtetemo mmoja kwa sekunde, megahezi ni milioni moja. Kimoja kikipanda kingine hushuka: megahezi 6 ni wimbi la mita 50, megahezi 100 ni mita 3 tu. Neno moja tumelibebesha vyote viwili.

Kuna ubishi wa siku nyingi: maneno ya kiufundi tuyaazime kutoka Kiingereza au tutumie ya Kiswahili? Wanaotaka tuazime istilahi zote wana hoja hapo. Rezista, kapasita na transista, vipuri vya ndani ya redio, zimeshakaa vinywani mwa mafundi, na dukani ndivyo zinavyoulizwa. Volti inatokana na Volta wa Italia, hezi na Heinrich Hertz wa Ujerumani. Jina la mtu halitafsiriwi. Hata transista ni neno la kuunda, alilitunga John Pierce wa maabara za Bell, Marekani, mwaka 1948. Kabla ya hapo hata Mwingereza hakuwa nalo.

Lakini tazama antena, ambayo pia tunaiita eriali. Wengi hudhani imetokana na vile vipapasio vya mende, kumbe kwa Kilatini lilikuwa neno la mabaharia: ule mti unaobeba tanga. Sisi tunauita foromali, na majahazi yanayoingia Tanga yanao mpaka leo. Waitaliano wakaita hivyo na mlingoti; Marconi, Mwitaliano mwanzilishi wa redio, akatundika waya wake mlingotini, jina likahamia redioni. Walichukua neno la pwani yao wenyewe. Nasi tulipoita mawimbi "mawimbi" tulifanya hivyo hivyo, na sijasikia fundi akililalamikia.

Sidai eriali iitwe foromali, hilo limeshapita. Ninachokitetea ni maneno ya dhana, yale ambayo mwanafunzi lazima ayaelewe kabla hajashika kifaa. Masafa yabaki kwa hezi peke yake, na penye mita tuseme urefu wa wimbi. Najua watangazaji wametamka "masafa mafupi" miaka mingi na wasikilizaji wameyazoea. Msikilizaji hapotei, maana anatafuta stesheni tu. Anayepotea ni huyu wa mezani anayetakiwa kukata waya wa eriali kulingana na urefu wa wimbi.

Fundi alichukua kipande cha boksi akamwandikia: 300, gawa kwa megahezi, unapata mita.